Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Usafiri wa Anga: Tuoneshwe Karatasi

Mwanga, Kigoma Ujiji

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uchukuzi,
Wakuu wa taasisi zinazosimamia usafiri wa anga na viwanja vya ndege,
Wakurugenzi wa mashirika yanayoleta ndege Kigoma na Tabora.

YAH: USALAMA NA HAKI ZA ABIRIA WA NDEGE KIGOMA NA TABORA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, kwanza nawasalimu kwa heshima zote na kuwapa pole na majukumu. Mimi ni wakala wa tiketi za ndege hapa Mwanga. Kazi yangu ni kumkatia mtu tiketi, kumweleza saa ya kuripoti uwanjani na, safari ikiahirishwa, kutukanwa kwa niaba ya watu ambao abiria hawawaoni. Hilo la kutukanwa nimeshalizoea. Nisilolizoea ni kuulizwa maswali ya msingi kuhusu usalama wa safari, nikayapeleka kunakohusika kwa maandishi, barua ikagongwa muhuri wa "Imepokelewa" na habari ikaishia hapo. Nimefuata utaratibu. Nimepiga simu kufuatilia, nikaambiwa faili liko mezani kwa mkubwa. Mkubwa akahamishwa. Aliyekuja akaniambia nianze upya. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Nieleweke mapema: siandiki kuwatisha watu wasipande ndege. Wasipopanda, watoto wangu watakula nini? Tena najua kazi iliyofanyika. Viwanja vya Kigoma na Tabora vimo kwenye mradi wa ukarabati, pamoja na Shinyanga na Sumbawanga, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Majengo tunayaona na tunashukuru. Ninachodai mimi hakionekani kwa kupita barabarani, maana kimo kwenye makaratasi.

Ndege kwetu si anasa tena. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,200. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Maweni kwenda Muhimbili, au aliyetoka Kitete pale Tabora, hana muda wa kuzihesabu stesheni. Tiketi yake mara nyingi ni mchango wa ukoo mzima, na namwona mjumbe wa ukoo akiihesabu ile hela mezani kwangu, noti za elfu mbili mbili zilizokunjwa. Mtu akishalipa kwa namna hiyo, ana haki ya kujua amenunua nini. Na ndani ya ile nauli, waheshimiwa, kuna ada ya usalama. Imeandikwa kwenye mchanganuo wa tiketi, mstari wake peke yake.

Hoja zetu ni hizi.

1. Uokoaji na zimamoto: uwanja wetu uko kundi la ngapi leo?

Hoja hii nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), na tunabanwa na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo kinahusu viwanja vya ndege. Humo kila uwanja unapangwa kwenye kundi la uokoaji na zimamoto, kuanzia 1 hadi 10, kwa kuangalia urefu wa ndege zinazoutumia na upana wa bodi zake. Dash 8 Q400, ndege ya mapanga (propela) ambayo abiria wa huku wanaijua vizuri, ina urefu wa karibu meta 33. Ndege ya urefu wa kuanzia meta 28 lakini usiofika 39 inaangukia kundi la 6. ATR 42 ni fupi zaidi, inaangukia kundi la 4. Kundi ndilo linaloamua kiasi cha maji na povu kinachotakiwa kuwepo. Kwa kundi la 6 magari ya zimamoto yanayopendekezwa ni mawili, na kwa makundi ya chini yake ni moja. Muda nao umewekwa: zimamoto walenge kufika popote kwenye njia ya kuruka na kutua ndani ya dakika tatu.

Najua jibu litakalokuja. "Kigoma safari ni chache, hatuwezi kuwekewa vifaa vya Dar es Salaam." Sawa, na Kiambatisho hichohicho kimelifikiria hilo. Kinaruhusu uwanja wenye mizunguko chini ya 700 ya ndege zake kubwa, katika miezi mitatu mfululizo yenye shughuli nyingi kuliko yote, ushushwe kundi. Kutua ni mzunguko mmoja na kuruka ni mwingine. Lakini unashushwa kundi moja tu, basi. Kutoka la 6 unakwenda la 5, na kundi la 5 bado lina gari lake, maji yake, povu lake na watu wake waliofunzwa, wakiwa zamu kila ndege inapotua na inapoondoka. Uchache wa safari hauwezi kutushusha chini ya hapo.

Jibu la pili nimeshalisikia kwa masikio yangu: "Hizo ni taarifa nyeti." Nyeti kwa nani? Kundi la zimamoto la kila uwanja linaandikwa kwenye kitabu cha taarifa za anga, kile marubani wanachokiita AIP, kwenye kipengele cha uokoaji. Siku uwezo ukipungua, gari likiharibika kwa mfano, marubani wanatakiwa kutumiwa tangazo la NOTAM. Rubani wa nchi yoyote anayepanga kutua Kigoma anaipata taarifa hiyo akiwa amekaa kwao. Bibi wa Ujiji aliyeko kiti cha nyuma ndani ya ndege hiyohiyo anaambiwa ni nyeti. Hatuombi ramani ya walinzi wala mahali kamera zilipo. Tunaomba namba moja, kati ya 1 na 10, ibandikwe kwenye ubao wa tangazo pale wanapopimia mizigo, kwa Kiswahili, na ibadilishwe inapobadilika.

Sasa nije kwenye ziwa. Kiambatisho cha 14 kinasema uwanja ulio karibu na maji, ambao sehemu kubwa ya ndege zake hupita juu ya maji zikija au zikiondoka, uwe na huduma maalumu za uokoaji zinazolingana na hatari hiyo. Kigoma tuko kando ya Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya ATR 42 iliyokuwa inakwenda kutua Bukoba iliingia Ziwa Victoria karibu na uwanja, asubuhi, watu wakiwa nchi kavu wanaiona. Ndani walikuwemo watu 43. Walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Waliofika mwanzo ni wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima. Alipongezwa, akapewa kazi, na alistahili.

Lakini pongezi si mpango wa uokoaji. Baada ya Bukoba, nani alikuja kukaa na wavuvi wa Kibirizi na wa Ujiji akawaeleza milango ya dharura ya ndege ya mapanga iko upande gani, inafunguliwaje kutoka nje, na sehemu ipi wasiisogelee mapanga yakiwa bado yanazunguka? Nimewauliza wenye mitumbwi ninaowafahamu, watu wanaolala ziwani kufuata dagaa. Hakuna aliyefikiwa. Mmoja, mzee wa makamo, alinijibu huku akiendelea kushona wavu: "Sisi tutakwenda tu. Ikianguka tutakwenda, utatuzuia wewe? Ila tutavunja dirisha kwa nanga, maana hatujui pengine." Hawa watu watakwenda kweli, kwa maboya ya madumu matupu, bila jaketi okozi. Waandikeni kwenye mpango. Wapeni namba ya kupigiwa, jaketi, kamba ndefu na siku moja ya mafunzo kila mwaka.

Na mpango wenyewe wa dharura unatakiwa kufanyiwa zoezi kamili lisilopishana zaidi ya miaka miwili, pamoja na zoezi dogo katikati, au ujaribiwe kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Tunaomba tarehe ya zoezi la mwisho la Kigoma na la Tabora, orodha ya taasisi zilizoshiriki, na kasoro zilizoonekana. Kasoro hasa. Zoezi lisilo na kasoro hata moja mimi nitalitilia shaka.

Nikumbushe pia, kwa wanaodhani ajali ni mambo ya Bukoba, kwamba tarehe 9 Aprili 2012 ndege ya Dash 8 iliharibika vibaya hapahapa Kigoma ikijaribu kuruka. Waliokuwemo wote walitoka hai. Tumshukuru Mungu, na tusimwachie Mungu kazi ya zimamoto.

2. Uzito unaoingia ndani ya ndege

Hapa nasema nililoliona, na shirika lenyewe silitaji.

Msafiri wa Kigoma habebi begi tu. Anabeba mawese kwenye dumu, migebuka iliyokaushwa, dagaa kwenye mfuko wa sandarusi uliofungwa kwa mkanda wa gundi. Mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege unapimwa. Shida iko kwenye mizigo ya mkononi. Nilikuwa nasindikiza mteja mgonjwa. Mbele yetu kijana aliweka begi la mgongoni kwenye mizani, kioo kikaonesha kilo zaidi ya mara mbili ya zinazoruhusiwa. Mhudumu wa kaunta akamwambia alishushe, "usiliweke hapo," akamfungia lebo ya mkononi na kumpa pasi ya kupandia. Kilo zile zikafutika kwenye kioo, ila kwenye ndege zilipanda. Nyuma yake foleni nzima ikaelewa somo, na mabegi yakaanza kuondolewa karibu na mizani.

Mtu atasema, kilo kumi zitaifanya nini ndege ya tani karibu 30? Za mtu mmoja, hazitaifanya kitu. Za abiria 60 ni hesabu nyingine. Rubani anaruka kwa karatasi ya uzito na mizania aliyopewa. Kutokana na karatasi hiyo anapata kasi ya kuondokea na urefu wa njia anaouhitaji. Ziwa letu lenyewe liko karibu meta 770 juu ya usawa wa bahari, na Tabora iko karibu meta 1,200. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na joto la saa nane mchana linaifanya nyepesi zaidi. Injini na mabawa hupata nguvu pungufu kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Ndiyo maana kilo ya uongo ni mbaya Tabora kuliko ilivyo pwani.

Kisingizio hapa ni kwamba mashirika hutumia uzito wa wastani kwa abiria na begi lake la mkononi. Ni kweli, wanaruhusiwa. Ila wastani huo una maana pale tu kiwango cha begi kinaposimamiwa. Tunaomba wakaguzi wenu waje bila taarifa, wasimame mlango wa kutokea kwenda kwenye ndege, wapime mabegi ya mkononi ya safari nzima, na matokeo yatangazwe. Siku moja Kigoma, siku moja Tabora. Nami kama wakala nitawaambia wateja wangu ukweli, kwamba mawese yana nauli yake.

3. Viti vya milango ya dharura

Hili ni fupi. Katika safari hiyohiyo mama mwenye mtoto mchanga mapajani alikaa kiti kilicho jirani na mlango wa dharura, na hakuna aliyemhamisha wala kumweleza kitu. Maelezo ya usalama yalisomwa kwa Kiingereza polepole na kwa Kiswahili mbio, kama mtu anayewahi daladala. Kurekebisha hili hakuhitaji bajeti wala kikao.

4. Orodha ya Umoja wa Ulaya

Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya. Juni 2025 ikaongeza mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Wateja wangu waliisoma kwenye simu zao kabla sijaisikia redioni, na siku hizo nilijibu swali hilo kuliko swali la nauli.

Nilichowajibu ndicho ninachoamini. Orodha hiyo haisemi kwamba kila ndege ya Tanzania ni mbovu. Inasema Tume haikuridhika na usimamizi: upungufu wa wataalamu wenye sifa, udhaifu wa ukaguzi wa uendeshaji na wa ubora wa ndege, na kutofuatwa kwa viwango vya kimataifa. Yaani jicho lilielekezwa kwa mkaguzi, si kwa rubani. Kwa mtu wa Kigoma hilo halipunguzi uzito wa jambo. Ndege inayokwenda Ulaya ina wakaguzi wa huko wanaoweza kuipekua ikishatua. Ndege inayokuja Kigoma ina ninyi tu.

Kwa hiyo jibu la "sisi hatuna safari za Ulaya, haituhusu" halifai. Jibu la "ni vita ya kibiashara" nalo tumelisikia kwenye vijiwe. Kama ni vita ya kibiashara, silaha ya kuishinda mnayo: wekeni hadharani hoja zilizoandikwa na wakaguzi wa nje, moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila hoja andikeni mmefanya nini, lini, na nani anawajibika. Hoja ya uongo itajianika yenyewe. Hoja ya kweli tutaona inavyofungwa. Sisi mawakala tupeni karatasi hiyo kwa Kiswahili, tuwe na cha kumwonesha mteja zaidi ya kumwambia "usiogope".

5. Ripoti za ajali

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinataka ripoti ya awali ya ajali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Ikishindikana, itolewe taarifa ya maendeleo kila ajali inapotimiza mwaka. Kinasema pia kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kumtafuta wa kumlaumu. Kwa hiyo "uchunguzi unaendelea" ni jibu lenye ukomo.

Tunaomba kila ripoti ya ajali na ya tukio kubwa iliyokwisha kutolewa iwekwe kwa Kiswahili, hata kama ni muhtasari wa kurasa nne. Wavuvi waliovuta watu majini Bukoba ni mashahidi wa kwanza wa yaliyotokea. Haifai wasome habari yao wenyewe kwa kutafsiriwa na mtoto wa jirani aliyefika kidato cha nne. Na kila pendekezo la wachunguzi lioneshwe limetekelezwa au la, kwa uwanja wetu pia.

6. Haki ya abiria wa safari ya ndani

Hili ni la kisheria, na mawakala wengi wenzangu hawalijui, kwa hiyo nitalieleza.

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unaohusu usafiri wa kimataifa wa anga. Chini yake, abiria akifa au kujeruhiwa kwa ajali ndani ya ndege, au akipanda au kushuka, shirika linawajibika hadi SDR 151,880 bila kuhitaji kuthibitishwa kwamba lilikosea. Kiwango hicho kilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2024. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja ina thamani ya zaidi ya dola moja na robo ya Marekani. Zaidi ya kiwango hicho shirika bado linawajibika, isipokuwa likithibitisha kwamba halikuzembea. Mzigo ukipotea, ukiharibika au ukichelewa, ukomo ni SDR 1,519 kwa abiria. Mzigo ulioharibika ulalamikiwe kwa maandishi ndani ya siku 7, uliochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili.

Sasa wachukueni abiria wawili wamekaa viti jirani, Kigoma kwenda Dar es Salaam. Mmoja ana tiketi moja inayomfikisha Dubai. Kwa mkataba ule, safari yake nzima ni ya kimataifa, pamoja na kipande hiki cha Kigoma. Mwenzake anaishia Dar es Salaam kumwona daktari, na mkataba haumgusi. Huyu anategemea sheria zetu za ndani na masharti ya shirika. Ndege moja, rubani mmoja, mwisho mmoja Mungu apishe mbali, na fidia zinaongozwa na vitabu viwili.

Nilipouliza kaunta huyu wa pili ana haki gani, nikajibiwa: "Masharti yako nyuma ya tiketi." Tiketi siku hizi ni ujumbe wa simu. Nyuma ya simu kuna betri.

Tunaomba haki za abiria wa safari za ndani ziandikwe kwa lugha ya kawaida na kubandikwa kwenye kila kaunta: kiwango cha fidia ya kifo na jeraha, mzigo, safari iliyofutwa, muda wa kulalamika, na mahali pa kulalamika. Lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, limeundwa kwa ajili ya watu hawahawa. Jina lake na namba yake viwe kwenye karatasi hiyo, kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

7. Safari zinazofutwa

Hapa nitatofautiana na wateja wangu. Rubani akigeuza kwa sababu ya wingu zito juu ya ziwa, ageuze, na atakayemlaumu anipitie mimi kwanza. Hatuombi ujasiri wa rubani. Tusimtie presha mtu aliyebeba roho za watu kwa sababu tumechoka kukaa kwenye viti vya plastiki.

Tunachokataa ni kudanganywa. "Sababu za kiutendaji" si sababu. Kama ni hali ya hewa, tuambiwe ni hali ya hewa. Kama ni kifaa kimeharibika, semeni kifaa, tutakaa kwa utulivu zaidi kuliko mnavyodhani. Na kama ndege imepelekwa njia nyingine yenye wateja wengi, basi hiyo ni biashara, na abiria aliyeachwa analipiwa chakula, malazi na kurudishiwa nauli yake bila kuzungushwa.

TUNACHOOMBA, NA LINI

Waheshimiwa, kisingizio kikubwa cha mwisho ni fedha. Nimepitia maombi haya yote kwa jicho la mtu anayelipa kodi ya pango. Mengi ni karatasi, gundi na kusema kweli. Yanayogharimu ni mafunzo na vifaa vya wavuvi, na hayo nayo ni madogo ukilinganisha na gharama ya jengo moja la abiria.

Ndani ya siku 30 tangu kuchapishwa kwa barua hii, tunaomba mtupatie kwa maandishi kundi la uokoaji na zimamoto la Kigoma na la Tabora kwa siku ya majibu, tarehe na kasoro za zoezi la mwisho la dharura, orodha ya hoja za wakaguzi wa nje pamoja na hatua zilizochukuliwa, na maelezo ya haki za abiria wa ndani yaliyo tayari kubandikwa. Ukaguzi wa mabegi ya mkononi hatuutajii tarehe, kwa sababu mkitangaza siku hamtaona kitu.

Siku hizo 30 sikuzitunga mimi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ndiyo inayompa mwenye taarifa muda huo kumjibu raia aliyeomba, na Ibara ya 18 ya Katiba iko nyuma yake. Fomu za maombi chini ya sheria hiyo nimeshazijaza, moja kwa kila taasisi inayohusika, na zimetumwa sambamba na barua hii. Zikikaa bila majibu nitakata rufaa kama sheria inavyoelekeza, na nakala ya kila hatua nitaibandika mlangoni kwangu hapa Mwanga, ambapo abiria wenu wanakuja kulipa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa tiketi, Mwanga, Kigoma Ujiji
(Jina na namba yangu ya simu viko kwenye barua mlizokwisha kuzigonga muhuri.)

Nakala kwa:
Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Kigoma na Tabora,
Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga,
Viongozi wa mialo ya Kibirizi na Ujiji,
Mawakala wenzangu wa tiketi, Kigoma na Tabora.